Kiboko na maji yaliyosimama: kisa cha Mto Ruaha Mkuu

Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Iringa, akishaipita Fufu na Chipogolo, hufika Mtera, na hapo hukuta samaki wamepangwa kando ya barabara: perege wa kukaanga, kambale waliobanikwa. Sisi wa Dodoma tunawala samaki hawa miaka nenda rudi bila kuulizana sana maji yao yanatoka wapi. Bwawa la Mtera hulishwa na mito mitatu. Kizigo unashuka kutoka upande wa Manyoni, na sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ruaha Mdogo unatoka Iringa. Mkubwa kati yao ni Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya nyanda za juu za kusini, ukapita tambarare ya Usangu, ukatuama kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha ukakata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kabla ya kutufikia.

Kisa ninachokichambua kimetokea kwenye kipande hicho cha hifadhini. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto ulitiririka pale mwaka mzima. Kiangazi maji yalipungua lakini hayakukatika. Kuanzia 1993 hivi yakaanza kukatika, kwa wiki chache mwanzoni, na miaka iliyofuata hata kwa miezi mitatu. Mto ukikatika hubaki madimbwi yaliyotengana, kila moja likizungukwa na mchanga. Viboko waliokuwa wametawanyika kwenye kilomita nyingi za mto hulazimika kubanana humo. Na humo ndimo mnyama anayesifiwa kwa kuulisha mto hugeuka kuwa chanzo cha vifo vya samaki.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mazungumzo yetu ya uhifadhi huliruka. Tunapenda kutaja wanyama ambao mazingira yote huwategemea, tukawahesabu, tukafurahi idadi ikipanda. Mara chache tunauliza kama mazingira bado yanamwezesha mnyama huyo kufanya kazi inayotufanya tumthamini.

Mhimili ni nani

Fikra ya spishi mhimili ilianzia kwenye mwamba wa baharini. Mwaka 1963 Robert Paine, mwanaikolojia wa Marekani, alianza kuwaondoa viti vya pweza, yaani samaki nyota, wa aina ya Pisaster kwenye kipande cha mwamba huko Makah Bay, pwani ya jimbo la Washington. Kipande cha jirani alikiacha kama kilivyo. Pale alipowaondoa, aina 15 za viumbe zilipungua hadi 8, kwa kuwa kome, ambao ndio chakula kikuu cha kiti cha pweza huyo, waliutwaa mwamba na kuwasukuma wengine nje. Matokeo aliyachapisha 1966, na 1969 akawapa jina viumbe wa namna hii: wale ambao athari yao ni kubwa kupita wingi wao.

Habari hiyo hufundishwa kila mahali, na wengi hushika nusu yake tu, kwamba ukimwondoa mhimili, wengine wanaanguka. Nusu ya pili ilikuja baadaye. Mwaka 1994 Bruce Menge na wenzake, wakifanya kazi kwenye pwani ya Oregon, walionyesha kwamba kiti cha pweza huyo huyo ana nguvu kubwa kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, na nguvu ndogo pale ambapo maji yametulia. Spishi moja, pwani moja, kazi tofauti, na tofauti imeletwa na mwendo wa maji. Msomaji aliweke hilo akilini tunaporudi Ruaha.

Kazi ya kiboko mto ukitiririka

Kiboko mzima ana uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mchana hushinda majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua kali. Giza likiingia hutoka kwenda malishoni, mara nyingine kilomita kadhaa kutoka mtoni, akala kilo 40 hivi za nyasi, na kabla ya kupambazuka amerudi. Sehemu kubwa ya alichokula huishia majini kama kinyesi.

Kwa hiyo kila usiku kuna nyasi zinazovuka kutoka nchi kavu kuingia mtoni, na anayezivusha ni yeye. Mtoni kwenyewe chakula huwa haba. Maji ya mito ya savana yana tope, mwanga hauingii mbali, mwani hauoti kwa wingi. Kinyesi cha kiboko huleta kaboni, naitrojeni, fosforasi, na hata silika iliyokuwa ndani ya nyasi. Bakteria na kuvu huanza kukimeng'enya, wadudu wa majini hula hao bakteria na vipande vya nyasi, samaki hula wadudu, na juu yao kuna mamba, furukombe, mdiria na mvuvi. Utafiti uliochapishwa 2015 kutoka Mto Ewaso Ng'iro nchini Kenya ulifuatilia alama za kaboni na kuikuta kaboni ya nyasi zilizopitia tumboni mwa kiboko ndani ya miili ya samaki na ya viluwiluwi wa kereng'ende.

Kiasi chenyewe ni kikubwa mno. Kwenye Mto Mara, ambao Tanzania na Kenya tunauchangia, watafiti walikadiria kwamba viboko wapatao 4,000 humwaga majini takriban tani 36 za kinyesi kibichi kwa siku. Hakuna mnyama mwingine wa savana anayehamisha rutuba nyingi namna hiyo kutoka malishoni kuingia mtoni, usiku baada ya usiku, bila kupumzika msimu.

Kuna na kazi za pembeni. Anapolisha hukata nyasi fupi kama zulia, na nyasi changa zinazochipua huliwa na swala pala na ngiri. Njia zake za kila siku huchimbika na kuwa mifereji, na mvua ikinyesha maji hupitia humo. Mwili wake huchimbua tope na kuzuia madimbwi yasijae mchanga. Kwa mvuvi na mkulima wa kando ya maji kiboko ni hatari kabla hajawa faida, maana hupindua mtumbwi na kula mahindi, na sitaki kulipuuza hilo, watu hufa. Lakini ukimuuliza mtu anayejua mito, atakwambia kwamba samaki wengi anaowaona wamelishwa na nyasi za nchi kavu, na aliyezileta ni kiboko.

Sasa angalia sharti lililofichika ndani ya sifa zote hizo. Kinyesi hufaa kwa sababu kinasambazwa. Mkondo hukichukua, hukipeleka chini kidogo kidogo, hukichanganya, na wakati huo huo maji yanayopita kwenye mawe yanavuta oksijeni kutoka hewani. Nusu ya kazi ya kiboko hufanywa na maji yanayotembea.

Mto ukikatika

Twende hatua kwa hatua, maana hapa ndipo kiini cha kisa kilipo.

Agosti mkondo unadhoofika. Septemba unakatika mahali pa kwanza, kisha pa pili. Viboko hawawezi kushinda juani, kwa hiyo huenda kwenye madimbwi yenye kina yaliyobaki. Dimbwi lililokuwa na wachache sasa lina makumi. Bado wanakula usiku, na bado wanarudi alfajiri na mzigo ule ule. Tofauti ni kwamba mzigo hauendi popote tena.

Bakteria wanaomeng'enya kinyesi hutumia oksijeni. Kinyesi kikizidi, nao huongezeka, na matumizi yao hupita kile ambacho uso wa maji yaliyotulia unaweza kuvuta kutoka hewani. Joto la Oktoba linazidisha tatizo kwa pande mbili: maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na bakteria hufanya kazi haraka zaidi kwenye joto. Chini kunatanda tope jeusi lisilo na oksijeni kabisa, linalotoa gesi yenye harufu ya yai viza. Kiboko anapogeuka au wawili wakipigana, tope hilo hupanda juu. Pamoja na hayo kuna amonia inayotokana na mkojo na uozo, ambayo ikifika kiwango fulani ni sumu kwa matamvua ya samaki.

Watafiti wakiongozwa na Keenan Stears na Douglas McCauley wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliupima mchakato huu ndani ya Ruaha na kuchapisha matokeo 2018. Walilinganisha madimbwi yenye viboko wengi na yale yenye wachache au yasiyo nao, wakati mto unatiririka na wakati umekatika. Mto ulipotiririka, madimbwi ya aina zote mbili yalifanana kwa kiasi kikubwa, kemia ya maji na viumbe waliomo. Mto ulipokatika yakaachana. Penye viboko wengi oksijeni ilishuka sana, virutubisho vikalundikana, aina za samaki na za wadudu wa majini zikapungua, na perege wakapungua sana. Mvua ziliporudi na mkondo ukafufuka, tofauti zikaanza kufutika.

Nimeusoma utafiti huo mara nyingi, na kinachonishika kila mara ni ile hali ya kwanza, kuliko hata vifo vya samaki. Mto unapotembea, dimbwi lenye viboko wengi halina shida. Hii maana yake ni kwamba idadi ya viboko peke yake haitoshi kueleza kilichotokea. Ukiwa na namba ya viboko mkononi lakini huna kipimo cha mkondo, huwezi kutabiri kama wataulisha mto au watauua.

Samaki nao hawaathiriki sawa. Kambale ana kiungo cha ziada karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja, na anaweza kuishi kwenye maji ambayo perege hawezi kukaa hata siku moja. Maji yakichafuka anayetoweka kwanza ni perege. Mvuvi yeyote wa Mtera anaijua tofauti hii ya samaki hawa wawili, hata kama hajawahi kuona kipimo cha oksijeni.

Mto Mara umeongeza ukurasa mwingine wa kisa. Huko mto haukatiki kabisa, ila madimbwi ya viboko hutuama mkondo unapokuwa mdogo. Mvua kubwa ya ghafla inapokuja, maji yaliyooza husukumwa yote kwa mpigo kwenda chini, na oksijeni ya mto mzima hushuka kwa saa kadhaa. Watafiti waliandika matukio ambayo samaki walikufa kwa wingi baada ya mafuriko ya namna hiyo. Kwa hiyo madhara ya maji kusimama hayaishii pale yaliposimama. Wale walio chini ya mto hupokea deni lote siku moja.

Kisha kuna ugonjwa. Mwaka 2017 kimeta kiliua viboko ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Vijidudu vya kimeta hukaa kwenye udongo miaka mingi, na msongamano wa wanyama kwenye madimbwi machache hurahisisha maambukizi. Baadhi ya viboko walikuwa wamefungwa vifaa vya kufuatilia mienendo yao, kwa hiyo watafiti waliweza kuona jinsi wanyama hao walivyotembea wakati mlipuko unaendelea, wakihama kutafuta maji kadiri madimbwi yalivyokauka. Kukauka kwa mto, basi, kunambana kiboko, kisha kunamhamisha, na akihama na ugonjwa anahama nao.

Kabla sijaondoka hapa niseme neno kuhusu tembo, kwa sababu anaisaidia hoja. Kwenye mito ya mchanga ya Ruaha, kama Mwagusi, tembo huchimba kwa mguu na mkonga hadi maji yanapochuruzika chini ya mchanga. Akishakunywa na kuondoka, kisima kinabaki kwa nyani, swala, ndege na wadudu. Ndicho kitu kile kile tunachokifanya vijijini kwetu kwenye makorongo ya Dodoma mwezi wa Oktoba, jembe na ndoo mkononi. Ukame mmoja, wanyama wawili wanaohesabiwa mihimili: kazi ya tembo inakua maji yanapokosekana, ya kiboko inapinduka. Kuwaweka kwenye orodha moja ya "wanyama muhimu" bila kusema hayo ni kumficha msomaji jambo kubwa kuliko yote.

Maji yalikwenda wapi

Hapa mjadala huwa mkali, na lawama hubadilishana mikono. Kwa muda mrefu kidole kilielekezwa kwa wafugaji wa Usangu na Ihefu. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao kutoka bondeni humo, na 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi, ambayo ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Familia nyingi zilipoteza malisho na makazi. Mto ukaendelea kukatika.

Tayari mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchunguzi wa kina wa Usangu, uliofadhiliwa na Uingereza, ulikuwa umeonyesha kwamba sababu kuu ya mto kukauka kiangazi ni maji yanayochepushwa kutoka mito ya juu kupitia mifereji ya umwagiliaji wakati wa kiangazi chenyewe. Usangu ni ghala la mpunga. Skimu kubwa za Mbarali, Kapunga na Madibira, pamoja na mifereji mingi ya wakulima wadogo, zinaishi kwa mito hiyo. Mpunga wenyewe hulimwa hasa msimu wa mvua, na wakati huo maji yapo. Tatizo linakuja baada ya mavuno. Banio, yaani mlango unaoyaingiza maji ya mto mferejini, likibaki wazi, maji huendelea kuingia mfereji na kumwagika kwenye majaruba yasiyo na kitu, yakapotelea hewani na kwenye magugu. Mengine hutumika kwa bustani ndogo na majumbani, na matumizi hayo ni ya lazima. Mtu hawezi kuambiwa afunge maji ya kunywa ili kiboko aoge. Ila kiasi cha mahitaji hayo na kiasi kinachopita kwenye banio havilingani hata kidogo.

Halafu kuna Ihefu yenyewe. Ardhioevu hiyo hutoa maji kupitia kizingiti cha mwamba kiitwacho Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mwamba, hakuna tone linalotoka, hata kama nyuma yake bado kuna ziwa la matete. Watafiti waliokokotoa mahitaji ya mto walikadiria kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke kwenda hifadhini kiangazi, karibu mita za ujazo 7 kwa sekunde zinahitajika kuingia Ihefu. Nyingine zote hunywewa na jua na matete. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini akiba ndogo inayookolewa mfereji mmoja haionekani Msembe, makao makuu ya hifadhi, na kwa nini wakulima waliojitahidi kufunga mabanio yao mapema wamekata tamaa wakidhani wamejinyima bure. Hawakujinyima bure. Walikuwa wachache mno.

Ahadi hazikukosekana. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka tena mwaka mzima. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikaweka utaratibu ulio wazi: kwanza mahitaji ya msingi ya binadamu, pili maji ya kutunza mazingira, ndipo yafuate matumizi mengine. Kwenye karatasi, basi, mto una haki ya maji yake kabla ya shamba la biashara. Mwaka 2010 ulikuja ukapita, na mto ukaendelea kukatika.

Majibu yanayovutia haraka

Mtu akisikia kwamba viboko wanaua samaki, jibu la kwanza linalomjia ni kuwapunguza. Nalielewa wazo hilo na nalipinga. Viboko wakiondolewa dimbwi moja, wengine waliokosa nafasi huingia, kwa sababu kinachowaleta ni uhaba wa maji. Jike hubeba mimba miezi minane na huzaa ndama mmoja, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kosa la mwaka mmoja hulipwa kwa miaka mingi. Zaidi ya hapo, kiboko aliyeuawa Oktoba hatakuwepo Februari mto ukiwa umejaa na samaki wakihitaji chakula anachokileta. Utakuwa umeokoa perege wa dimbwi na kumnyima chakula perege wa mto. Barani kote mnyama huyu amewekwa kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, na meno yake yanatafutwa na wawindaji haramu. Kufungua mlango wa kumuua kwa sababu ya kosa lililofanyika mfereji wa juu ni kumhukumu asiyehusika.

Jibu la pili ni kuchimba visima na kusukuma maji kwenye madimbwi. Hili linaweza kuokoa maisha ya wanyama mwaka wa ukame mkali na sitalikataa kama huduma ya dharura. Lakini dimbwi lililoongezewa maji bila kutembea linabaki dimbwi. Viboko watakaa humo muda mrefu zaidi, na kinyesi kitaongezeka.

La tatu ndilo linalonisumbua, kwa kuwa hutamkwa na watu wenye nia njema: tuongeze ulinzi wa hifadhi, tuweke askari zaidi, tupanue mipaka. Ulinzi dhidi ya ujangili ni wa lazima na Ruaha inaujua uchungu wa kupoteza tembo. Askari hawezi, hata hivyo, kulinda mkondo kwa bunduki. Hifadhi hii imelindwa vizuri pembeni mwake huku uhai wake ukichepushwa juu, nje ya mipaka, kwa mabanio ambayo baadhi yake yana vibali halali.

Palipo na nafasi ya kutenda

Hukumu yangu ni kwamba kisa hiki si cha kiboko wala si cha mfugaji. Ni cha miezi minne, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mvua za Novemba, na cha maamuzi yanayofanywa kwenye mabanio ndani ya miezi hiyo. Hiyo ni habari njema kiasi, kwa sababu miezi hiyo haigusi sehemu kubwa ya mpunga wa Usangu. Hatuzungumzii kuwanyima watu chakula. Tunazungumzia kufunga maji ambayo wakati huo yanamwagika kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na kuwapa wananchi wa kando ya mifereji visima na bomba ili wasilazimike kuutegemea mfereji mzima kwa ndoo chache za nyumbani. Bila hilo la pili la kwanza halitasimama. Mama anayechota kwenye mfereji hatakubali ufungwe, na ana haki.

Yapo mambo yaliyokwisha kuanzwa. Vyama vya watumia maji vipo kwenye mito mingi ya Usangu, vinapangiana zamu, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ndiyo inayotoa vibali. Wenye nguvu ndogo ni wale wa mwisho wa mfereji na wale walio chini ya mto, na sisi wa Mtera ni wa chini kabisa. Mitambo ya umeme ya Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204, hulitegemea bwawa hili, na mgao wa umeme wa 2006 uliwafundisha watu wa mijini jambo ambalo wavuvi walikuwa wamekwisha kuliona. Umeme una wasemaji wengi. Perege hana, na kiboko husemewa na watalii peke yao.

Ningependa vipimo viwili visomwe pamoja. Cha kwanza ni mkondo unaotoka Ng'iriama na unaopita Msembe, kila wiki kuanzia Julai. Cha pili ni oksijeni ndani ya madimbwi yenye viboko wengi, ikipimwa alfajiri, saa ambayo huwa imeshuka kuliko wakati wowote, kwa kifaa ambacho mhifadhi mmoja anaweza kukibeba begani. Idadi ya viboko iendelee kuchukuliwa kama inavyochukuliwa sasa, ila isisomwe bila hivyo viwili. Mkondo ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, taarifa iende siku hiyo hiyo kwa viongozi wa vyama vya watumia maji, ambao ndio wanaoshika funguo za mabanio, badala ya kusubiri ripoti ya mwaka.

Na ripoti hiyo isomwe mbele ya watu ambao leo hawaketi meza moja: mkulima wa Madibira, mfugaji wa Mbarali, mhifadhi wa Msembe, mhandisi wa umeme, na mvuvi wa Mtera anayeuza samaki kwa abiria wa Dodoma. Mkutano wa kwanza ufanyike Juni, mabanio yakiwa bado wazi.